Magari ya Tabo ya Zamani Yanapanda Bei: Yanayosemwa Mwanza na Yaliyo Kweli

Kwenye vijiwe vya mafundi na madalali wa Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Kirumba, kuna maneno yanayorudiwa siku hizi kila linapopita gari la zamani la tabo, yaani lenye kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi: "Huyo asiuze, hizo zinapanda bei." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Yapo magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 ambayo zamani yaliuzwa kwa bei ya kutupwa na leo hayashikiki. Lakini ukweli huo umechanganywa na mengi yasiyo kweli. Matokeo yake watu wanapoteza fedha, na magari mazuri yanaharibiwa. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana fedha hutafutwa tena, ila Impreza ya mwaka 1998 ikishakatwa bodi hairudi.

"Kila gari la zamani lenye tabo linapanda bei"

Hapana. Yanayopanda ni machache: Nissan Skyline GT-R, Toyota Supra iliyotengenezwa kati ya 1993 na 2002 yenye injini ya 2JZ-GTE, Mazda RX-7, Mitsubishi Lancer Evolution, Subaru Impreza WRX STI, na nyuma yao kidogo Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE. Ulaya nako Porsche 911 Turbo na Ferrari F40 zimeshakuwa mali za matajiri.

Sababu kubwa moja iko mbali na sisi. Marekani ina sheria ya mwaka 1988 inayozuia kuingiza gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama, mpaka litimize miaka 25 tangu lilipotoka kiwandani. Skyline GT-R ya kizazi cha R32 ilianza kutengenezwa 1989, kwa hiyo mlango wake ulifunguka 2014. GT-R ya kizazi cha R34 ilianza 1999, mlango wake ukafunguka 2024. Kila mlango unapofunguka, wanunuzi wenye dola wanamiminika kwenye minada ileile ya Japani ambako wengine wote wananunua, na magari hayaongezeki. R34 GT-R zote zilizowahi kutengenezwa hazifiki 12,000. Wafanyabiashara wanalijua hilo mapema, hivyo bei huanza kupanda miaka kadhaa kabla ya tarehe yenyewe.

Sababu nyingine ni mapenzi, na hapa sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa. Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1993 ilimalizika Toyota Celica GT-Four zikiwa zimeshika nafasi nne za mwanzo. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen akaishinda kwa Lancer, na 1997 Colin McRae akaishinda kwa Impreza. Watoto waliosimama kwenye vumbi wakati ule sasa ni watu wazima wenye kipato, na mtu mzima mwenye kipato hununua alichokitamani utotoni. Ndivyo ilivyo huku, ndivyo ilivyo Uingereza, Australia na Japani kwenyewe.

Sasa chukua Forester ya tabo yenye gia otomatiki, au Legacy B4 yenye tabo mbili. Ni magari matamu, na Mwanza yanapendwa mno. Lakini yalitengenezwa kwa wingi, mengi yana gia otomatiki, na hakuna foleni ya wakusanyaji duniani inayoyasubiri. Bei yake inashuka kama ya gari lolote linalozeeka. Dalali akikuambia kwamba Forester hiyo ndiyo ada ya watoto baada ya miaka kumi, ujue anatafuta asilimia yake.

"Bei ya nje ndiyo bei ya hapa"

Mwaka 2023 kampuni ya mnada ya Bonhams iliuza R34 moja kwa takriban dola 1,357,000 za Marekani. Wapo wanaoitumia habari hiyo kupandishia bei magari yao. Gari lile liliendeshwa na Paul Walker kwenye filamu, na mwigizaji huyo alifariki 2013. Mnunuzi alilipia kumbukumbu ya mtu pamoja na chuma. Haliwezi kuwa kipimo cha gari lililoegeshwa Pasiansi.

Mkusanyaji wa nje ananunua gari lenye historia iliyoandikwa. Japani gari hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na karatasi zinabaki. Gari lililopiga barabara ya Mwanza hadi Shinyanga miaka minane, likibadilishwa oili bila hata risiti moja kutunzwa, haliwezi kushindana na gari kama hilo huko, hata kama injini yake ni nzima kabisa.

Kuna wanaosema, "Basi Wakenya watalinunua." Kenya hairuhusu kuingiza kwa kawaida gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda nayo tangu 2018 imefunga mlango kwa magari yenye zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo ziwa ni moja, lakini soko la magari haya limekatwa vipande vitatu na mipaka, na gari la 1999 la Mwanza halivuki Sirari kwenda Kisumu kutafuta bei nzuri.

Hata hivyo kuna njia moja ambayo bei ya Japani inafika kweli hapa, na haisemwi sana. Ni gharama ya kuagiza jingine. Tanzania bado inaruhusu gari la zamani kuingia, ila linalipiwa. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, ambapo injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000 hulipa asilimia 5 na ya juu ya hapo asilimia 10. Kuna ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya jumla hiyo. Tena TRA ina thamani zake kwa kila aina ya gari, kwa hiyo kulinunua kwa bei ya chini mnadani hakumaanishi utalipa kodi ndogo. Hapo ndipo unaona kwa nini injini ya Subaru ya EJ20, yenye sisi 1,994, iko upande wenye nafuu, na 2JZ yenye sisi 2,997 iko upande wa pili.

Ukijumlisha yote hayo na usafiri wa kutoka Dar es Salaam, unapata gharama halisi ya kuleta gari kama lile mpaka Mwanza. Gharama hiyo ikipanda, mwenye gari safi lililoko tayari hapa anaweza kuomba zaidi. Atapata ongezeko la wastani, na atalipata kwa gari ambalo watu bado wanaliagiza, siyo kwa kila kitu chenye tundu la hewa kwenye boneti.

"Nimetia vitu vingi, kwa hiyo thamani imeongezeka"

Hii ndiyo dhana inayoteketeza magari mengi kuliko zote, na ningeomba kila kijana mwenye Impreza aisome mara mbili.

Mtu ananunua WRX nzima. Wiki ya kwanza anaondoa ekzozi ya kiwandani na kufunga bomba kubwa. Anakata springi ili gari lilale chini. Anatoboa bampa kwa ajili ya taa. Anafunga ile valvu inayotoa mlio wa "pshh" kila anapoachia mafuta. Vitu vya kiwandani anamwachia fundi au anauza kama chuma chakavu. Kisha anaandika kwenye tangazo jumla ya gharama zake zote na kuitaka irudi kwenye bei.

Hairudi. Mnunuzi anayejua thamani ya magari haya anatafuta lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, kwa sababu yaliyobaki hivyo ni machache mno. Yalinunuliwa na vijana, yakashindanishwa, yakagongwa, yakakatwa. Uchache huo ndio thamani yenyewe. Kila unapotoboa bodi unaliondoa gari lako kwenye kundi linalopanda na kuliingiza kwenye kundi linaloshuka.

Mengine yanaharibu hata injini. Chukua hiyo valvu ya mlio. Kwenye Subaru nyingi kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, inapima hewa inayoingia kabla haijafika kwenye tabo. Hewa iliyokwisha pimwa ikimwagwa nje, petroli inayopulizwa inakuwa nyingi kuliko hewa iliyobaki, na gari linakohoa moshi mweusi kila unapobadilisha gia. Kuongeza shinikizo la tabo kienyeji ni hatari zaidi. Injini hizi zilitengenezwa zikitegemea petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake ni karibu 100, na kwa kawaida pampu zetu hazifiki hapo. Shinikizo likiongezwa bila kurekebisha kompyuta, petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni zinavunjika.

Kama tayari umebadilisha vitu, bado hujachelewa. Tafuta ekzozi yako ya mwanzo, springi zako, rimu zako, usukani wako, uviweke ndani. Gari lililobadilishwa linalouzwa pamoja na vipuri vyake vya kiwandani ni tofauti kabisa na lile ambalo vipuri vyake vimeshayeyushwa kuwa nondo.

"Lina nembo ya STI, kwa hiyo ni STI"

STI ni Impreza WRX ya daraja la juu zaidi, lakini nembo yake huuzwa madukani. Fungua boneti usome kibao cha chasisi. Kwa Impreza za kuanzia mwaka 2000, WRX ya kawaida ya Japani yenye tabo ni GDA, STI ni GDB. Skyline GT-R ya R32 ya kweli husomeka BNR32, na ikisomeka HCR32 ni ndugu yake wa chini aliyevalishwa. Kwenye GC8, ile Impreza ya zamani zaidi, WRX na STI zote zinabeba GC8 mwanzoni, kwa hiyo lazima usome namba nzima ya modeli na kuilinganisha. Tofauti ya bei kati ya gari la kweli na la kuvalishwa ni kubwa mno kumwachia dalali akusomee.

Pamoja na hilo liende la namba za usajili. Namba E haimaanishi gari jipya. Herufi hiyo inaonyesha lini gari limesajiliwa Tanzania, siyo lini limetengenezwa. Evolution ya 1999 iliyoingia majuzi itakuwa na namba E, na gari changa kuliko hilo linaweza kuwa na namba C. Kwa magari haya angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

"Hewa ya ziwa inakula bodi"

Victoria ni ziwa la maji baridi. Upepo unaopanda kutoka Capri Point hauna chumvi, na gari la Mwanza lina nafasi nzuri ya kuishi kuliko lililolala miaka yote Tanga au Zanzibar karibu na bahari. Kutu unayoiona chini ya magari mengi ya Kijapani imekuja nayo. Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo hukaa kwenye fremu miaka mingi. Kabla ya kulipia, lipandishe gari juu uangalie fremu na sehemu zinapofungwa shoki za nyuma. Rangi mpya ya juu haikuambii chochote.

"Tabo huku haidumu"

Tabo ina feni mbili kwenye shafti moja inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili nyembamba. Oili ikiwa safi na ya kiwango sahihi, hudumu sana. Oili ikicheleweshwa, hufa popote pale, iwe Mwanza au Tokyo. Baada ya safari ya kawaida mjini hakuna haja ya kuliacha gari likinguruma muda mrefu kabla ya kuzima. Baada ya kulikimbiza sana au kupanda mlima kwa nguvu, liache lipoe kwa dakika moja au mbili, ili oili isiungue kwenye shafti iliyo moto.

Na kuna jambo ambalo watu wa Mwanza wangepaswa kulifurahia. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hapa shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Tabo inaweza kuongeza mzunguko na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Inafanya kazi zaidi, kwa hiyo inahitaji oili nzuri zaidi, lakini gari la tabo liko nyumbani kwenye nyanda hizi.

Kilomita, na kulifungia gari ndani

Kilomita chache peke yake hazina maana, kwa sababu odometa hurudishwa nyuma. Omba karatasi ya mnada na cheti cha Japani cha kuondoa gari nchini, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Herufi R inamaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana kwa injini nyingi hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari la miaka 25 lisilofika kilomita hizo bado linahitaji mkanda mpya kwa sababu ya umri.

Anayelifungia gari uani na turubai juu akisubiri bei ipande naye anakosea. Sili zinakauka, petroli inaharibika tangini, diski za breki zinashika kutu, matairi yanajipinda. Liendeshe taratibu mpaka Usagara na kurudi kila baada ya wiki mbili hivi, injini ipate joto lake lote, na kila risiti ya oili, mkanda na plagi iwekwe kwenye faili moja pamoja na kadi.