Duka si kihamba: kurithisha biashara mzee akiwa hai

Kwa Wachagga, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kina utaratibu ambao hata mtoto anaujua. Kijana wa kwanza akioa hukatiwa sehemu yake, kitindamimba hubaki na boma la wazazi. Lakini duka la Mangi, yaani duka la Mchagga la mtaani, pale Manzese, Dar es Salaam, halikatwi kama shamba la migomba. Wagawie watoto watano bidhaa za rafuni, kesho yake hakuna duka.

Wengi hudhani urithi wa duka ni friji, mizani na magunia ya mchele. Thamani kubwa iko kwenye mali kauli. Mwenye duka la jumla Kariakoo humpa mzee katoni za sabuni na madumu ya mafuta kwa neno lake tu, kwa sababu miaka yote amelipa. Mzee akifariki, kauli hiyo huzikwa naye, isipokuwa kama kuna mtoto ambaye tayari anafahamika pale kwa sura. Kwa hiyo anzeni hapo: mzee, mwaka huu nenda na mtoto huyo kufuata mzigo, mwakani mtume peke yake. Daftari la madeni nalo liandikwe majina kamili na namba za simu. "Mama Neema wa kona" anamjua aliyeandika tu.

Kisheria, duka lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama jina la biashara la mtu mmoja halitengani na mwenyewe. Akifariki, akaunti yake benki husimama mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na fremu (chumba cha duka), leseni na TIN (namba ya mlipa kodi) vyote vina jina la marehemu. Kampuni haifi na mtu. Kinachorithiwa ni hisa, na mzee anaweza kuanza kuwapa watoto hisa akiwa hai.

Linaloniumiza zaidi ni wajane. Mama amekaa kaunta miaka ishirini, anajua bei zote kwa kichwa, halafu shemeji wanadai funguo. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, linalogusa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Baba, andika wosia. Wa kimila, kwa anayejua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja ndugu na mwingine asiye ndugu. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuutunza. Kwa Waislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali.

Desemba mtakapopanda Moshi, kabla kikao cha ukoo hakijaanza, mwulizeni kila mtoto, wa kike na wa kiume, mbele ya mama yao, kama analitaka duka. Atakayekubali, Januari aende Kariakoo na mzee kufuata mzigo wa kwanza wa mwaka.