Je, wajua kwa nini setilaiti haidondoki, na mhubiri anaweza kujifunza nini kwake?

Kanisa lenye dishi juu ya bati si jambo geni Kampala. Ukizichunguza dishi hizo utaona nyingi zinatazama juu, karibu utosini. Sababu ni ikweta. Setilaiti nyingi za televisheni huzunguka juu ya mstari huo, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na Kampala iko jirani kabisa. Kule London mafundi huelekeza dishi upande wa kusini.

Kwa nini hazidondoki? Jibu linachekesha kidogo: zinadondoka. Dunia inazivuta kila sekunde, ila zina mwendo wa kwenda mbele, kama kilomita 3 kwa sekunde. Kadiri zinavyodondoka, uso wa dunia nao unapinda, kwa hiyo haziufikii. Zikipoteza mwendo zinaanguka. Mvuto ukikatika zinapotelea huko angani. Mkristo anayeshuhudia anahitaji vyote viwili. Wapo waliovutwa sana na Neno lakini hawatoki nje ya geti la kanisa, na wapo wanaozunguka mitaani na vipaza sauti, ila hujui wameshikwa na nini.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya setilaiti yenyewe. Mawimbi yanayotoka ardhini huifikia yakiwa hafifu mno. Huyakuza, huyahamisha masafa (yaani kasi ya mtetemo wake), tuseme kutoka gigahezi 14 hadi 12, ndipo huyashusha. Kwa nini isiyarushe kwa masafa yaleyale? Kwa sababu sauti yake yenyewe ingefunika ile inayoipokea, isisikie tena kitu. Wahubiri wengi tumekwama hapo hapo! Na angalia: masafa yamebadilika, ujumbe haukubadilika.

Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alifanya vivyo hivyo bila mtambo wowote. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1877. Apolo, Muganda, akaisikia Injili kwao Buganda, akabatizwa mwaka 1895, akaipeleka Toro, magharibi mwa Uganda, kisha akavuka Mto Semliki hadi Boga, Kongo. Watu wengine, lugha nyingine, Injili ileile.

Mfano huu una mipaka yake, maana setilaiti haipigwi viboko. Inachokutana nacho ni mvua. Ile mvua kubwa ya mchana ikishuka Kampala, matone hunyonya mawimbi, picha inagandaganda, na watu wanamlaumu fundi. Huko juu setilaiti haijaacha kurusha hata dakika moja. Boga nako chifu Tabaro aliamuru Apolo apigwe. Apolo akaendelea kufundisha, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.