Si kila mgahawa wa mtu mweusi una ugali

Pale Kariakoo, mtu anayeondoka kesho kufuata mzigo Guangzhou au Dubai unamjua kwa begi lake: nguo mbili, chaja, na kilo tano za sembe zilizozungushiwa selotepu kama zimebeba dhahabu. Shangazi yangu, aliyeuza vitenge miaka mingi, alikuwa wa hivyo. Ukimwambia huko chakula cha Kiafrika kipo, anakujibu, "Kipo cha nani?" Sidhani kama alijua amegusa penyewe. Dhana potofu nyingi kuhusu kula ughaibuni zinazaliwa na kuchanganya vitu vitatu: chakula cha Kiafrika, mgahawa wa mtu mweusi, na chakula ulichokulia wewe.

"Huko hakuna chetu, beba kila kitu"

Miji mikubwa mingi ina mtaa wa Waafrika, na mitaa yenyewe inajulikana. Guangzhou ni Xiaobei na Sanyuanli. Paris ni Château Rouge. London shuka Peckham, ufuate Rye Lane. New York kuna Mtaa wa 116 kule Harlem, maarufu kama Senegali Ndogo. Brussels wana Matongé, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa, na hapo Mtanzania hataona ugeni sana, kwa sababu pondu ya Wakongo ni kisamvu kilichopikwa kwa mawese. Ila ukiagiza mikate usisubiri slesi. Utaletewa vidonge vya unga vya kukaanga, ndugu wa kalimati wasio na shira.

Unga nao upo. Uingereza, maduka yanayouzia Wazimbabwe na Waafrika Kusini huuandika mealie meal. Italia utakutana na polenta, ya njano na yenye chenga. Inasongeka, japo kwa shingo upande. Jihadhari na unga mweupe wa kutengenezea arepa, ule wa Walatini. Kwa macho ni sembe kabisa, lakini umeshapikwa kiwandani, na ukiusonga kwa mazoea ya nyumbani utapata mabonge na hasira.

Kuna pia wanaodhani chakula cha kula mwenyewe hakimhusu mtu wa forodha. Kinamhusu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, hata ikiwa ni kipande cha nyama choma alichokufungia mama. Samaki wana nafuu, hadi kilo 20 kwa matumizi binafsi, kwa hiyo dagaa wakavu wana matumaini kuliko mshikaki. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ila nanasi, ndizi, nazi na tende vimesamehewa. Marekani, kila chakula ulicho nacho unatakiwa kukitaja unapoingia, na kinachokuponza zaidi ni kukaa kimya.

"Mgahawa wa mtu mweusi ni mgahawa wa chakula cha Kiafrika"

Hii ndiyo inayowachanganya wengi, hasa wanaokwenda Marekani. Wanasikia kuna orodha za migahawa ya watu weusi, wanafunga safari kwa treni nusu saa, wanafika na kukuta kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini na mkate wa mahindi wenye sukari.

Orodha hizo zina historia yake, na haikuanza na hamu ya ugali. Enzi za ubaguzi wa kisheria, Mmarekani mweusi aliyesafiri kwa gari hakuwa na uhakika wa mgahawa utakaompokea wala hoteli itakayompa chumba. Mwaka 1936 mtu wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo, Green Book, kilichotaja mahali ambapo msafiri mweusi angehudumiwa. Kiliendelea kutolewa kwa miaka 30 hivi, hadi sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipokipunguzia kazi. Kwa hiyo Mmarekani akiuliza mwenye mgahawa ni nani, nyuma ya swali kuna babu aliyelala ndani ya gari. Leo zimeongezeka sababu nyingine: anataka pesa yake izunguke kwa watu wake. Sisi Dar hatujawahi kumuuliza mama lishe rangi yake, basi tunadhani ni swali la mapishi.

Mapishi yenyewe ya Wamarekani weusi, yale wanayoyaita soul food, yana undugu nasi, ila lazima uutafute. Kunde zilianza kulimwa Afrika, na kule kusini mwa Marekani huliwa siku ya Mwaka Mpya ili kuvuta bahati. Mchuzi uitwao gumbo una jina linalofanana na majina ya bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Majani ya collard ni mmea wa jamii moja na sukuma wiki. Na grits, mahindi ya chenga yaliyochemshwa, ukiyatazama usiku bila miwani ni uji mzito.

Hapo hapo pana mtego kwa Muislamu. Majani hayo kwa desturi hupikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na huioni kwa sababu imeshayeyukia kwenye mchuzi. Uliza kabla hujaagiza. Weusi wa mpishi si cheti cha halali.

"Asipokuwa mweusi, hajui chakula chetu"

Nenda Muscat. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Waomani wengi waliokuwa visiwani walirudi Oman wakiwa na Kiswahili chao na vyungu vyao. Utamkuta mzee wa kanzu na kofia ya Kiomani anakuuliza kwa Kiunguja kama mandazi unayataka ya moto.

Leicester nako vilevile. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi wao waliishia Uingereza. Ndiyo maana katika migahawa ya Wahindi wa Leicester na Wembley menyu ina kitu kinaitwa mogo. Ni muhogo wetu, umekaangwa na kuvurugwa pilipili. Wapo wanaopika pia kuku paka na mishkaki. Mtanzania anaupita mlango huo akitafuta bango lenye ramani ya Afrika, halafu anakwenda kula fufu ya Afrika Magharibi asiyoipenda.

"Wote Waafrika, chakula kimoja"

Hapana. Jollof ya Afrika Magharibi ni wali wa nyanya na pilipili. Ukiitarajia pilau, utaitafuta bizari mpaka sahani iishe. Banku ya Ghana ni ugali uliochachushwa. Injera, mkate mwembamba wa Wahabeshi, inachacha pia, na kwa Wahabeshi wa Kanisa la Orthodox Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hivyo siku hizo mboga na dengu ndizo hupikwa kwa moyo. Ukinibana nitaje jirani wa karibu zaidi wa meza ya pwani, nitakuambia Msomali: sambusa, chapati, wali wa viungo wenye ndizi mbivu pembeni, na chai ya maziwa yenye iliki. Minneapolis, Marekani, wamejaa tele.

"Ni vyakula vya vichochoroni tu"

Adejoké Bakare, mzaliwa wa Nigeria, alipata nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, London mwaka 2024 kwa mgahawa wake Chishuru. Mory Sacko wa Paris aliipata ya kwake 2021. Kule hupati sahani ya kushiba kwa bei ya Manzese, ila usiseme hakuna.

"Google inatosha"

Mwaka 2020 Google ilianza kuwawezesha wenye biashara wa Marekani kujiwekea alama ya kwamba mmiliki ni mweusi, na programu ya EatOkra ilikuwepo tangu 2016 kwa kazi hiyohiyo. Zinasaidia, kwa Marekani. Lakini alama anaiweka mwenye biashara mwenyewe, asiyeiweka haonekani. China, Google haifunguki kwa njia ya kawaida, na mpishi mzuri kuliko wote huenda hana bango. Anapikia nyumbani, unaagiza leo unakula kesho.

Ulizia saluni ya kusuka. Hapo wanakaa saa sita wakitengenezwa vichwa, na lazima wale. Ulizia kinyozi, msikitini baada ya Ijumaa, kanisa la Wakongo, duka la mihogo iliyogandishwa. Usiulize "chakula cha Kiafrika kiko wapi". Taja jina la chakula, na la nchi.

Shangazi, safari yake ya mwisho Guangzhou, sembe iliisha siku ya nne. Msusi mmoja wa Xiaobei alimpeleka kwa mama wa Kikongo, ghorofa ya saba, lifti mbovu. Alikula pondu pale wiki nzima. Aliporudi alikuwa na lalamiko moja tu: mawese yalikuwa mengi.