Choki ni ngeta, si petroli

Wiki jana nimeambiwa tena ati choki inaongeza petroli. Mteja ameniletea jenereta hapa kibandani Kawangware, ile ndogo ya petroli ya kusukuma taa na friji ya soda stima ikipotea, ananiambia fundi hii kitu inakunywa mafuta vibaya sana na bado haina nguvu, na choki nimeongeza mpaka mwisho. Mpaka mwisho! Nikafungua plagi nikampea ashike, vidole vikatoka na masizi kama ameosha sufuria ya makaa. Alikuwa ameiendesha mwezi mzima ikiwa imekabwa koo, na kila ikikohoa anazidi kukaba.

Wacha niseme maana haraka halafu tuingie kwa kile kinanikera. Choki ni kibao kidogo cha duara kimekaa mdomoni mwa kabureta, ile sehemu ya kuchanganya hewa na petroli, pale hewa inaingilia. Kikilala hewa inapita, kikisimama kinaziba njia, na pistoni ikivuta sasa inakosa hewa ya kutosha, basi ule mvuto unaenda kunyonya petroli zaidi kwa jeti, kale katundu petroli inatokea. Basi. Unaihitaji injini ikiwa baridi kwa sababu petroli haiungui ikiwa matone, inaungua ikiwa mvuke, na kwa chuma baridi petroli nyingi inagandamana tu kwa kuta bila kugeuka mvuke. Injini iliyopata joto inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, baridi inataka petroli izidi hapo, kwa hivyo unapunguza hewa kidogo mpaka ishike, halafu unaiachilia ipumue.

Umeona mahali nimesema choki inaongeza petroli? Hakuna. Inapunguza hewa. Petroli kuzidi ni matokeo tu.

Na hii si ubishi wa bure, jina lenyewe linasema. Kwa Kizungu hilo neno ni kukaba mtu koo asipumue, waliotufunza kazi walilichukua hivyo hivyo wakapachika irabu mwisho, choki, sisi tukabaki na jina bila maana yake. Fundi wa stima naye ana choki yake, ile ya taa ya tyubu, na hiyo pia kazi yake ni kukaba, inazuia stima isipite kwa tyubu kupita kiasi, kwa hivyo hizo mbili ni ndugu wa baba mmoja. Choki ya mwalimu ya kuandika ubaoni si ya huo ukoo, hiyo ni chaki tu imeharibiwa matamshi. Lakini kinachonishangaza ni kwamba watu wa Nairobi ndio hatungehitaji kufafanuliwa, sababu neno tunalo na tumelijua kwa shida: ngeta. Jamaa anakuja nyuma yako giza limeingia, mkono shingoni, hewa inakatika. Hiyo ndio choki, ni ngeta unapigia injini kwa dakika moja ndio iamke. Sasa niambie nani aliwahi kupigwa ngeta akaongeza nguvu.

Nguvu iko kwa kibao kingine. Ndani ya kabureta hiyo hiyo kuna cha pili, kiko ndani zaidi upande wa injini, na hicho ndicho kinasukumwa na mkono wa moto, ule wa kuongeza mwendo wa injini. Kinaachilia mchanganyiko mwingi au kidogo uingie kwa silinda. Ukitaka mashine ipige kazi enda huko, choki iache. Na kuna kile kipira laini cha kubonyeza kwa mashine zingine, hicho sasa ndicho kinasukuma petroli kwa kabureta moja kwa moja, na ukikibonyeza mara kumi kwa hasira utaifladi, yaani petroli izidi mpaka plagi ilowe. Vitu vitatu, kazi tatu, na watu wengi hapa vyote wanaviita choki.

Lakini kubwa kuliko yote ni hii ya kufunga na kufungua. Nina shemeji yuko Minnesota, huko Marekani ambako wenzetu wengi wamehamia, na huko theluji ikianguka usiku asubuhi huwezi kutoa gari bila kusafisha njia, kwa hivyo amenunua mashine ya kurusha theluji, ya mitumba. Kwa mbele ina chuma cha kujipinda kinachozunguka kama kile cha mashine ya kusaga nyama, kinakusanya theluji kinaipeleka kwa feni nyuma yake, na feni inaitupa nje kwa bomba refu, mbali kabisa. Alipotuambia ni ya gesi mama mkwe aliuliza mtungi anauweka wapi, akidhani ni ile ya kilo sita ya jikoni. Huko gesi ni petroli. Injini yenyewe si kitu kigeni, ni ya mipigo minne kama ya pampu ya maji au ya kukata nyasi hapa kwetu, ila nyingi hazina hata chujio la hewa, kwa theluji hakuna vumbi na chujio lingeganda tu. Mimi natoa mchanga wa barabara kwa chujio kila siku, nikamwonea wivu.

Basi Januari akanipigia video saa tisa mchana, kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na giza, anatetemeka, anataka kuwahi shifti, mashine imekataa. Nikamwambia shem, funga choki halafu vuta kamba. Akafanya. Akavuta, akavuta, hakuna kitu. Nikamuuliza umefunga kweli? "Nimefunga fundi, imezimwa kabisa." Hapo ndio nilijua tumepotezana. Mimi nikisema funga nina maana kile kibao kizibe njia ya hewa, yaani choki ifanye kazi. Yeye akisikia funga anaelewa kama kufunga mfereji, yaani choki isifanye kazi. Na yeye hana makosa! Sisi mafundi tunaongea juu ya kibao, mwenye mashine anaongea juu ya choki kama kitu cha kuwasha na kuzima, na neno ni moja linaenda pande mbili. Ukisema toa choki ndio mbaya zaidi, wale wa magari ya zamani walikuwa wanaitoa nje kwa dashibodi ndio ifanye kazi, wengine wanasikia toa wanaelewa iondoe.

Nikamwambia ikabe. Ikabe koo. Akacheka, akageuza kitufe, akavuta kamba mara ya pili ikanguruma. Halafu nikamwambia haya iachilie polepole, akaachilia, ikazima. Akakaba tena, ikawaka. Akaachilia, ikazima.

Hiyo sasa si kosa la mtu, hiyo ni mashine inaongea na ni mahali neno likieleweka linakusaidia. Injini inayotembea ikiwa imekabwa tu inakwambia petroli haifiki vizuri, mpaka uinyime hewa ndio mvuto utoshe kunyonya. Karibu kila mara ni jeti imeziba, au kuna mahali hewa inaingia kwa wizi baada ya kabureta. Nikamuuliza petroli ni ya lini, akasema ilikuwa ndani tangu Machi alipoinunua. Miezi kumi! Petroli ikikaa hivyo inaacha gundi, na tundu la jeti ni dogo kuliko la sindano. Akaacha injini ipoe, akafungua kibakuli cha chini ya kabureta, akamwaga uchafu wa rangi ya chai, akasafisha jeti na waya mwembamba, akaweka petroli mpya. Ikashika na ikabaki imeshika hata alipoachilia. Nikamwonya mambo mawili tu, asiiwashie ndani ya gareji kwa sababu ule moshi unaua bila kubisha hodi, na theluji ikikwama kwa lile bomba asiingize mkono hata kama injini imezima, atumie kijiti.

Kama angekuwa amedhani choki ni ya kuongeza petroli angeiacha tu imekabwa aende kazi, si inatembea? Na ndivyo huyo wa jenereta alifanya. Tena hapa kwetu ni mbaya zaidi kuliko Minnesota, Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini tayari inachanganya petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Asubuhi ya Julai baridi ikiuma sawa, ikabe kidogo. Mchana wa Februari wengi hata hamhitaji. Ukiona moshi mweusi na injini inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, umesahau kuachilia. Na ikishafladi usiendelee kukaba, achilia, peleka mkono wa moto mpaka mwisho, vuta kamba mara kadhaa ipumue, ikikataa toa plagi uikaushe.

Mteja alirudi jana kuchukua jenereta yake, plagi mpya, kabureta safi. Akaiwasha mwenyewe mbele yangu, akasikiliza, akashika kile kijiti akakisogeza, akaniambia fundi nimefungua choki kama ulivyosema.

Nikamuuliza umekaba ama umeachilia?

Akainama akaangalia tena. "Nimeachilia."

Basi sema umeachilia.