Msanifu wa kozi ni nani, na anamsaidia mhadhiri kufanya nini

Msanifu wa kozi ni mtaalamu wa chuo kikuu anayekaa na mhadhiri na kulipanga upya somo lake ili lisomeke vizuri kwa njia ya teknolojia, liwe la mtandaoni lote au nusu darasani na nusu mtandaoni. Mhadhiri analijua somo. Msanifu anajua jinsi mtu anavyojifunza akiwa peke yake mbele ya skrini, wapi hukwama, na lini mfumo wenyewe ndio unaomkwamisha. Vyuo vingine humwita mbunifu wa mafunzo, na kwa kawaida yumo katika kitengo cha ubora wa ufundishaji au cha elimu masafa.

Wengi humchanganya na fundi wa kompyuta. Fundi huitwa nywila ikikataa au ukurasa usipofunguka, na kazi yake ni muhimu. Msanifu huja mapema zaidi na maswali ya aina nyingine: mwanafunzi akimaliza wiki hii awe anaweza kufanya nini? Utajuaje kwamba anaweza? Na kabla ya kupimwa, atakuwa amejizoeza mara ngapi? Habari ya kubonyeza wapi huja mwishoni, maswali haya yakishajibiwa. Mhadhiri anayekwenda kwa msanifu hakiri udhaifu wowote. Anatafuta jicho la pili, kama anavyofanya kabla ya kupeleka makala yake kwenye jarida.

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa karibu dunia nzima, wahadhiri walihamia mtandaoni ndani ya siku chache. Mhadhara ulikuwa uleule wa saa mbili, sasa mbele ya kamera, na wanafunzi wengi walizima video zao. Huo ulikuwa ufundishaji wa dharura. Ulikuwa wa lazima, na waliouvusha wanastahili heshima, lakini usiutumie kuipima kozi ya mtandaoni. Kozi iliyosanifiwa huanza kutayarishwa muhula mmoja hivi kabla ya kufunguliwa, na siku inapofunguliwa angalau wiki tatu za mwanzo zimekwisha kujengwa na kujaribiwa.

Kazi inaanzia kwenye mtihani

Kikao cha kwanza huchukua kama saa moja, na kompyuta inaweza kubaki imefungwa. Msanifu huomba silabasi, mtihani wa mwaka uliopita, na kazi mbili tatu za wanafunzi zilizokwisha kusahihishwa, majina yakiwa yamefutwa. Mtihani ndio unaosema kweli kuhusu kozi. Silabasi inaweza kuahidi uchambuzi huku maswali yote yakidai fasili za kukariri. Ikiwa hivyo, video nzuri kiasi gani haitasaidia kitu, kwa sababu mwanafunzi atasoma kile kinachotahiniwa.

Kinachofuata ni kuandika matokeo ya kujifunza. Maneno "kuelewa" na "kufahamu" hukataliwa hapa, kwa sababu hakuna anayeweza kuuona uelewa kwa macho. Chukua wiki ya pili ya kozi ya utangulizi wa takwimu. Mhadhiri ameandika: "Mwanafunzi ataelewa vipimo vya kati." Baada ya mazungumzo inakuwa: "Mwanafunzi atakokotoa wastani na namba ya kati ya kundi la data, kisha ataeleza kipi kinafaa pale namba moja ni kubwa kuliko nyingine kwa mbali." Sasa kuna kitu cha kufanya na kitu cha kupima.

Kutoka hapo jaribio fupi la wiki karibu linajiandika lenyewe. Data ni 4, 38, 2, 3, 3, na swali ni: namba ya kati ni ipi? Majibu ya kuchagua ni 2, 3, 10 na 20, na hakuna lililowekwa ovyo. Jibu sahihi ni 3. Aliyechagua 2 amechukua namba iliyokaa katikati bila kuzipanga kwanza. Aliyechagua 10 amekokotoa wastani, maana jumla ni 50 na namba ni tano. Aliyechagua 20 amechukua nusu ya njia kati ya ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kila jibu lisilo sahihi linataja kosa lake, kwa hiyo mrejesho huandikwa kwa kila jibu mara moja tu, na mfumo utautoa muhula baada ya muhula: "Umepata 10, huo ni wastani. Zipange namba kuanzia ndogo, kisha tazama ya tatu." Swali moja la namna hii lina thamani kuliko maswali kumi ambayo mfumo unajibu kwa "Si sahihi" pekee.

Wiki zote zikishapita njia hii, huwekwa kwenye ramani ya kozi. Ni jedwali la kawaida: safu mlalo moja kwa kila wiki, na safu wima za matokeo, upimaji, zoezi, nyenzo na saa. Safu ya nyenzo hujazwa baada ya zile za upimaji na zoezi. Wahadhiri wengi huona utaratibu huu uko kinyumenyume, kwa kuwa wamezoea kuanza na slaidi walizonazo. Lakini ukianza na slaidi, unaishia na kozi yenye mambo mengi ya kutazama na machache ya kufanya.

Kozi moja na nusu

Safu ya saa ndiyo hupuuzwa zaidi, nayo ndiyo huleta malalamiko mengi. Mhadhiri huhamishia mtandaoni mihadhara yake yote, halafu anaongeza mjadala, jaribio na tafakari ya kila wiki, kwa nia njema kabisa. Bila kukusudia amejenga kozi moja na nusu.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kozi inamtaka mwanafunzi atumie saa 8 kwa wiki kwa kila kitu. Video za dakika 40 kwa jumla humchukua kama dakika 80, kwa sababu anasimamisha, anarudisha nyuma na kuandika. Kurasa 30 za makala nzito, kwa mwendo wa kurasa 10 kwa saa, ni saa 3. Kuandika mchango mmoja wa mjadala na kujibu wenzake wawili ni kama saa moja na nusu. Jaribio na maandalizi yake, saa moja. Tumefika takriban saa 7, na kazi kubwa ya muhula bado haijaguswa. Hapo lazima kitu kitolewe, na ni mhadhiri peke yake awezaye kusema kipi. Msanifu hushika hesabu tu.

Video na sauti

Wahadhiri wengi huanza na swali la video. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za edX, jukwaa la kozi huria za mtandaoni, ulionyesha kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu zaidi ya hapo. Wale walikuwa wanafunzi wa kozi huria, ambao hawafungwi na cheti kama mwanafunzi wa shahada, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama sheria. Funzo lake ni hili: video moja ibebe wazo moja. Mhadhara wa saa mbili ukiondolewa matangazo, marudio na maswali ya darasani, mara nyingi hubaki na mawazo manne au matano yanayohitaji sauti ya mhadhiri. Yaliyobaki husomeka vizuri zaidi yakiandikwa.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Mtu huvumilia picha hafifu, lakini sauti yenye mwangwi humfanya aifunge video. Weka maikrofoni sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Zima feni. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia, vitabu au zulia, kwa kuwa kuta tupu hurudisha sauti. Usitaje tarehe, wala namba ya wiki, wala "kama nilivyosema jana", maana sentensi moja ya namna hiyo inatosha kuifanya video isitumike muhula ujao.

Ukubwa wa faili nao ni suala la haki. Video ya dakika 10 iliyobanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 75 hivi. Maelezo yaleyale yakiwa sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde hayafiki megabaiti 5. Weka vyote viwili, pamoja na slaidi, ili mwenye intaneti dhaifu asiachwe nyuma.

Mahali kozi zinapokwama

Majadiliano hufa kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni swali lenye jibu moja: mwanafunzi wa kwanza akishajibu, waliobaki hawana la kusema ila "nakubaliana na mwenzangu". Ya pili ni wingi wa watu. Jukwaa moja la wanafunzi 120 halisomeki na yeyote, hata mhadhiri mwenyewe, kwa hiyo wagawe katika vikundi vya watu 8 hadi 10. Moodle, mfumo huria wa kuendeshea kozi mtandaoni uliotolewa mwaka 2002 na unaotumiwa na vyuo vingi, una aina ya jukwaa linalomtaka mwanafunzi aandike kwanza ndipo aone ya wenzake. Ni zuri sana, ila wanafunzi huandika kisha hulalamika kwamba bado hawaoni kitu. Sababu ni kwamba michango ya wengine hufunguka baada ya muda wa kuhariri kupita, ambao kwa mpangilio wa kawaida ni dakika 30. Liandike hilo ndani ya maelekezo na malalamiko yatakwisha.

Daftari la alama lina mtego wake. Kwa mpangilio wa kawaida wa Moodle, nafasi iliyo tupu haihesabiwi kama sifuri, inaachwa nje. Mwanafunzi aliyewasilisha kazi moja kati ya nne na kupata 80 huona jumla yake ni 80, anaridhika, na ukweli unamfikia muhula ukiwa umekwisha. Dawa ni kuweka sifuri kwa asiyewasilisha mara tu dirisha linapofungwa. Hakikisha pia uzito wa kazi zote unafika 100 kabla alama ya kwanza haijaingizwa, kwa sababu kubadili uzito katikati ya muhula hubadilisha jumla ambazo watu wamekwisha kuziona.

Tarehe ya mwisho nayo: usiweke saa 00:00 ya Ijumaa. Mfumo unasoma huo kuwa mwanzo wa Ijumaa, wanafunzi wanausoma kuwa mwisho wake, na barua za kuomba radhi zinaanza kumiminika. Weka 23:59, yaani saa 5:59 usiku, na utaje siku kwa jina.

Halafu kuna wanaozuiliwa mlangoni bila mtu kujua. Makala ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa kama PDF mara nyingi ni picha tu za kurasa, na mwanafunzi asiyeona akiifungua, programu yake ya kusomea skrini inaweza isipate hata neno moja. Kipimo chake ni cha sekunde chache: jaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Isipochagulika, faili inahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi. Kwenye slaidi, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kiwango kilichowekwa katika miongozo ya kimataifa ya wavuti. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo. Manukuu ya video, yaani maandishi ya yanayosemwa, yakitengenezwa na mashine yapitiwe kwa macho, kwani hukosea hasa kwenye istilahi na majina ya watu, ambayo mwanafunzi ndiyo anayahitaji.

Warsha peke yake haitoshi

Njia iliyozoeleka ya kuwasaidia wahadhiri ni warsha ya saa tatu: watu arobaini ukumbini, mkufunzi anaonyesha menyu moja baada ya nyingine kwenye kozi ya mfano. Mwezi ukipita, wengi wamesahau, kwa sababu hawakujenga chochote cha kwao. Warsha inayozaa matunda ina watu 10 hadi 12, kila mmoja amefungua kozi yake mwenyewe, na hatoki kabla wiki moja ya kozi hiyo haijakamilika.

Wiki hiyo moja ijengwe na kujaribiwa kabla ya kugusa zilizobaki. Mwombe mwanafunzi aliyemaliza kozi mwaka jana aipitie akiwa kwenye simu, nawe kaa kimya pembeni ukiangalia. Akiuliza "nianzie wapi?", kosa ni la ukurasa. Usimwelekeze, rekebisha. Kwa ukaguzi wako mwenyewe, omba akaunti ya majaribio yenye haki za mwanafunzi kamili. Kubadili mwonekano ndani ya akaunti ya mhadhiri hakuonyeshi kila kitu, hasa mambo ya vikundi na alama.

Kozi ikinakiliwa kwa muhula mpya, kuna mambo matatu ya kukagua siku hiyohiyo, kabla wanafunzi hawajaandikishwa. Tarehe zote, kwa sababu zile za zamani huja nazo na majaribio hufungwa kabla ya kufunguliwa. Viungo vya ndani, kwa sababu baadhi huendelea kuelekeza kwenye kozi ya mwaka jana, ambayo wanafunzi wapya hawana ruhusa ya kuiingia. Na matangazo ya zamani, ambayo yakibaki yatamwambia mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwamba mtihani umeahirishwa.