Je, wajua kwa nini tretinoini hupakwa usiku?

Mdogo wangu anasoma Dodoma. Daktari wa ngozi alimwandikia krimu ya tretinoini kwa ajili ya chunusi, apake usiku tu. Siku ya kumi akanipigia simu analia: ngozi inabanduka pembeni mwa pua, mashavu yanawaka akinawa, na chunusi mpya zimetoka. "Dada, dawa imenikataa." Haikuwa imemkataa.

Tretinoini ni ya jamii ya vitamini A. Huharakisha ngozi kujivua na kujijenga upya ili vitundu vya vinyweleo visizibe, kwa hiyo chunusi zilizokuwa zikijijenga chini kwa chini hutokeza mapema. Nafuu yenyewe huanza kuonekana wiki ya 8 hadi ya 12.

Hupakwa usiku kwa sababu mwanga huivunja, na ngozi iliyopakwa huungua na jua upesi. Dodoma hilo si jambo dogo: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua huchoma zaidi, na Julai upepo mkavu hupasua hata midomo ya asiyepaka chochote. Na ngozi nyeusi ikiungua au ikichubuka huacha madoa yanayokaa miezi. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anazidisha dawa ili apone haraka.

Alirudi kwa daktari, akaelekezwa upya. Anawe kwa sabuni isiyo kali, asubiri dakika 20 hadi 30 uso ukauke kabisa. Achukue kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima: nukta kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha asambaze taratibu, akikwepa macho, midomo na kona za pua. Aanze na usiku mbili au tatu kwa wiki. Juu yake mafuta ya kulainisha; asubuhi krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, na mtandio. Skrabu aache. Mkorogo asiuguse kabisa.

Mjamzito asipake tretinoini. Ndugu yake wa vidonge, isotretinoini, ni hatari zaidi: husababisha kasoro kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Mwanamke hupimwa ujauzito kwanza, na hutumia uzazi wa mpango tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Duka la dawa likikupa vidonge hivyo bila cheti cha daktari wala kukuuliza habari za ujauzito, usivinunue.