Fidia kwa walionyanyaswa utotoni nchini Australia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kama kweli alitendewa, mbona alinyamaza miaka yote hiyo?" Swali hili huulizwa kabla ya mengine yote, na mara nyingi muulizaji ameshahukumu. Tume ya Kifalme iliyochunguza, kati ya mwaka 2013 na 2017, namna taasisi za Australia zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto ilifanya zaidi ya vikao 8,000 vya faragha na manusura, ikabaini kwamba kwa wastani walikaa karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu yeyote. Mtoto wa bweni au wa kituo cha yatima angemwambia nani, ilhali anayemlisha na kumlaza ndiye anayemdhulumu?

Wapo pia wasemao kwamba mahakama zilikuwa wazi siku zote. Zilikuwa wazi, lakini sheria ya ukomo, yaani ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, ilifuta madai mengi kabla mdai hajapata ujasiri wa kusema, hadi Victoria ilipoondoa ukomo huo mwaka 2015 na majimbo mengine yakafuata. Kikwazo cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Mwaka 2007, katika shauri la mtu aliyekuwa mtumishi wa altareni utotoni, Mahakama ya Rufani ya New South Wales iliamua kwamba Kanisa Katoliki lenyewe halikuwa na utu wa kisheria, yaani halikutambuliwa na sheria kama mtu au shirika linaloweza kushtakiwa, na kwamba wadhamini walioshika mali zake hawakuwajibika kwa matendo ya padri. Kwa maneno mengine, mali ilikuwa na mwenyewe, kosa halikuwa naye. Victoria iliziba mwanya huo kwa sheria mwaka 2018.

Kuhusu Mpango wa Kitaifa wa Fidia ulioanza tarehe 1 Julai 2018, ambao manusura huuomba fidia bila kwenda mahakamani, hudhaniwa kwamba mwombaji lazima athibitishe pasipo kuacha shaka, kama katika kesi ya jinai. Sivyo: kipimo ni kama kuna uwezekano wa kuridhisha kwamba jambo lilitokea, kwa kuwa mashahidi wengi wamekufa na kumbukumbu za vituo zimepotea. Wala si utajiri wa bure. Kiwango cha juu ni dola 150,000 za Australia, pungufu ya 200,000 zilizopendekezwa na Tume, pamoja na ushauri nasaha na, kwa anayetaka, kuombwa radhi ana kwa ana na taasisi husika. Aliyepigwa na kushindishwa njaa bila kunyanyaswa kingono hana nafasi humo, jambo ambalo kwangu ni dosari kubwa.

Mwisho, kupokea fidia si kumsamehe mtesi wala hakuzuii polisi kumfungulia mashtaka. Kinachofungwa ni haki ya kuidai taasisi hiyo mahakamani, na ndiyo sababu mwombaji hupewa angalau miezi sita ya kuitafakari ofa, akiwa na msaada wa kisheria usio na malipo, kabla ya kutia saini.